Karani wa Meli za Mezani

Sijapata kumwona mwanamume mzima akilia kwa ajili ya mlingoti wenye urefu wa kidole, isipokuwa Karani wa ofisi ya samaki. Kuku aliingia nyumbani kwake Kashikishi, akaruka juu ya meza, na mlingoti ukavunjika. Bwana yule alikaa kizingitini na shati lake jeupe la kazini, machozi yakimtiririka, na wanawake waliokuwa wakipita na vikapu vya samaki wakasimama kumpa pole, wakidhani amefiwa. Alipowaonyesha kilichomliza, mmoja alicheka mpaka kikapu kikamdondoka kichwani. Mimi sikucheka. Nilitema mate pembeni, nikaenda zangu kazini.

Kazi yangu ilikuwa boti. Nasema boti za kweli, za mbao, nilizozijenga ufukweni hapohapo Kashikishi, upande wa Nchelenge, miaka ile ya hamsini, wakati wavuvi walipokuwa wakiacha mitumbwi ya magogo na kila mwenye nyavu mbili tatu alitaka boti. Naye Karani alikaa hatua chache kutoka kiwanja changu, akijenga meli ambazo hata panya asingevukia. Tulikuwa majirani miaka minane, na miaka yote minane nilimdharau. Sifichi. Kati yangu na yeye ipo boti moja, ile iliyozama na shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, na lipo swali kama ilizamishwa na kiboko au na fundi aliyeijenga. Fundi ni mimi.

Alikotoka Karani sijui, wala sikuuliza. Kibemba chake kilikuwa kibovu, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili cha sokoni, kile cha kuuziana samaki na watu wa ng'ambo ya Kongo. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kucha za vidole gumba alizoziacha zirefuke makusudi ili azitumie kushikia vipande vyake. Kazi aliyolipiwa ilikuwa kupima macho ya nyavu na kuandikisha boti kwenye daftari la ofisi. Kazi aliyoipenda ilikuwa nyingine. Saa nane mchana alifunga mlango wa ofisi, akaenda kukaa mbele ya dirisha lake na wembe, sindano na kibati cha gundi, na hapo hakuna aliyemsemesha akajibiwa.

Alikuwa na manowari ndogo za doria, meli ndogo za abiria, ndege za vita na ndege za kawaida, zote juu ya rafu tatu za ukutani. Nyingine alizijenga kwa kufuata ramani zilizomfikia kwa posta baada ya kungojewa miezi na miezi. Kila kitu kilikuwa moja kwa arobaini na nane, yaani kidogo mara arobaini na nane kuliko cha kweli. Maneno hayo, moja kwa arobaini na nane, aliyatamka kwa unyenyekevu, kama wengine tunavyosema Baba Yetu. Siku moja nilisimama dirishani nikamchokoza, nikitumia ile Ba yetu ya heshima.

"Ba Karani, hii meli inabeba nini?"

"Haibebe kintu, fundi."

"Inaenda wapi?"

"Haiende."

"Sasa iko ya nini?"

Akaniangalia kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Iko ya kuwa sawasawa," akasema, akarudi kwenye wembe wake.

Gundi yake ndiyo iliyomkimbizia mke. Hakuwa na mahali pa kununua gundi nzuri, basi alichemsha vibofu vya samaki, vile vifuko vya hewa ambavyo wanawake wa sokoni huvitupa pamoja na matumbo. Alivikusanya asubuhi kwenye ndoo, akavikausha juu ya paa, akavichemsha siku nzima mpaka vikawa uji wa kunata. Harufu yake sitaieleza, maana huenda kuna mtu anayesoma haya akiwa anakula. Mke wake alivumilia misimu miwili ya mvua, kisha akafunga mzigo. Alipokuwa akipita kwangu kuelekea kituo cha malori aliniambia, "Fundi, miye niliolewa na mutu. Sikuolewa na kibofu." Karani alikaa siku tatu bila kwenda kazini, na siku ya nne nikamwona amechukua upande wa kitanda uliobaki wazi na kuufanya mahali pa kukaushia mabawa.

Mbao zake alizipata kwa njia ambayo mwingine tungemwita mwizi. Wavuvi wetu hufunga kwenye nyavu maboya ya mti mwepesi wa majini, unaokatika kwa wembe kama muhogo mbichi. Karani alipokamata wavu wenye macho madogo kuliko sheria, wavu aliupeleka ofisini kama ilivyotakiwa, lakini maboya yalikwenda kwake. Na cha kuchekesha ni kwamba hakujua kula rushwa. Mwenye wavu angemletea kuku, angemletea mafuta, naye angekataa kwa uso mkali, kisha angeinama kuchagua boya lisilo na fundo. Wenzake waliomtangulia walikuwa wamejenga nyumba za bati. Yeye paa lake la nyasi lilivuja, na mvua ilipoanza alifunika rafu kwa koti lake la mvua, akakaa chini ya rafu analowa. Nilimwambia ezeka nyumba. Akasema ataezeka akimaliza mabomba ya moshi.

Halafu ile ndege ya nzige. Miaka ile ilikuja ndege ndogo kukagua mabwawa ya upande wa mashariki, wanakozaliana nzige wekundu, na wakati mwingine ilipita juu yetu chini kabisa. Watoto waliikimbilia, mbuzi waliikimbia. Karani alikuwa na kijiti alichokitia alama za wino, na kila iliposikika alitoka mbio, akajitupa chali popote alipofika, akanyoosha mkono na kijiti ili apime mabawa. Siku moja alijitupa katikati ya shamba la muhogo la mama mmoja jirani yangu. Mama alisikia majani yanavunjika, akaja na mpini wa jembe.

"Weye! Umelewa asubuhi yote hii?"

"Ngoja, mayo, ngoja! Iko inageuka!"

"Nani anageuka? Pumbafu weye, amuka pa muhogo yangu!"

Alimwita mayo, yaani mama, na bado alipigwa mara mbili begani, na kijiti hakikutikisika. Nilimwona kwa macho yangu. Baadaye alinionyesha bega lililovimba kwa fahari, akaniambia amepata urefu wa bawa la kushoto. La kulia alilipata baada ya miezi mitano.

Pengine kilichonichosha zaidi ni kwamba mtu huyu, mwenye meli nyingi kuliko matajiri wote wa Luapula, hakuwahi kukanyaga chombo kilicho majini. Aliogopa ziwa. Ikitakiwa kwenda kisiwani Kilwa, hiki cha ziwani kwetu, kukagua nyavu, ghafla alikuwa na homa, na mesenja wa ofisi akatumwa badala yake. Kulikuwa na nahodha Mgiriki aliyeleta tishari la barafu kutoka Kasenga, upande wa Kongo, kununua samaki. Karani alisimama ufukweni siku tatu za soko akihesabu misumari ya ubavuni mwa lile tishari, midomo ikimchezacheza. Mgiriki akaniita.

"Ule mutu anaesabu nini?"

"Misumari, bwana."

"Juu ya nini? Iko ba douane?"

Alidhani ni mtu wa forodha. Nilipomweleza alicheka sana, akamwita Karani apande bure, ahesabu mpaka ndani ya injini. Ubao wa kupandia ulikuwa na urefu wa hatua nne, na chini yake maji yaliishia magotini. Karani aliweka mguu mmoja, akauondoa. Akaomba, kwa heshima zote, kama bwana nahodha anaweza kuhesabu mwenyewe za ndani akamletea hesabu kwenye karatasi. Ufuko mzima ulijua kisa hicho kabla ya jua kutua, kwa sababu mimi ndiye niliyekisambaza.

Kwenye meli zake hakuweka watu. Nilimuuliza mbona hakuna hata mpishi. "Mutu anaharibu kipimo," akasema. "Hakuna mutu mwenye kukaa sawasawa."

Ndiyo maana nilishangaa alipokuja kiwanjani kwangu, penye boti za kubeba watu, na kijiti na uzi. Nilikuwa nimesimamisha boti ya shemeji juu ya magogo, mbao zote zimepigiliwa, bado haijapakwa kitu.

"Fundi, niko naomba kupima hii boti."

"Umechoka na za wazungu?"

"Iko na mustari muzuri. Angalia vile inaenda mbele." Akapitisha kiganja hewani, bila kuigusa, kutoka nyuma mpaka kwenye pua ya boti.

Nitasema ukweli, nilifurahi. Mstari ule ulikuwa mzuri kweli, haukuwa na wa kufanana nao kutoka Mununga mpaka mdomo wa mto. Lakini kusifiwa na mtu kama yule kuliniudhi pia, basi nikamwambia apime upesi asinizibie njia. Alikuja asubuhi nne. Alilala chini ya boti, akaingia ndani yake maana ilikuwa nchi kavu, akagusa kila ubao na kuandika katika kijitabu. Siku ya tano nilipaka lami.

Hapo inabidi nieleze desturi yetu. Boti ya mbao ikishapigiliwa na maungo yakishazibwa kwa pamba, hunyweshwa kabla ya lami. Mke wa mwenye boti na ndugu zake huchota maji ziwani, wakayamimina ndani mpaka ijae, ikiwa bado juu ya magogo. Fundi huzunguka nje na kipande cha mkaa. Kila ubao unapolia, yaani maji yanapopenya, anatia alama. Kisha boti inamwagwa, inakauka siku mbili tatu, alama zinatengenezwa, ndipo lami. Msimu ule samaki waitwao mpumbu walikwisha kuanza kupanda mto kutaga, shemeji alikuwa akija kwangu asubuhi na jioni, na Mgiriki alikuwa njiani na barafu yake. Nilianza na lami. Dada yangu na wenzake wakaja na ndoo wakainywesha baadaye, kwa desturi tu, na ubavu mzima mweusi haukutoa hata tone. Wanawake walipiga vigelegele.

Shemeji alivua nayo majuma sita. Siku aliyokufa alikuwa na mwenzake mmoja, wamejaza samaki, upepo ukawapata mbali na nchi. Yule mwenzake aliogelea akiwa ameshika kasia. Alisema kulitokea kishindo chini ya miguu yao, kisha maji yakawa ndani. Zaidi ya hapo hakujua. Boti haikupatikana, na shemeji tulimpata siku ya pili kwenye matete.

Baraza la mfumu, yaani chifu wetu, lilikaa. Nilisimama mbele ya watu, dada yangu amekaa chini amejifunga kitambaa cha kufiwa, na mzee mmoja akaniuliza kama boti ilikuwa nzima. Nikasema ilinyweshwa mbele ya wanawake wote, haikuvuja. Wanawake wakaitikia. Basi wazee wakasema ni kiboko, maana kishindo cha chini ya boti ni cha kiboko, na Karani, aliyeitwa kuandika kwa niaba ya ofisi, akaandika kiboko. Mwandiko wake ulikuwa mzuri mno. Nilimtazama akikausha wino, nikawaza, huyu hata leo anaandika tu anachoambiwa.

Niliendelea kujenga boti. Jina langu lilibaki safi, na dada yangu akaishi kwangu na watoto wake, akikausha samaki kwa moshi na kuuza. Hakuwahi kunisemea neno baya. Kila Jumapili kanisani alisimama karibu nami.

Miaka mitatu baadaye Karani akapewa uhamisho. Habari zikaenea kwamba anagawa vitu vyake, maana lori la Kawambwa halikuwa na nafasi ya rafu. Dada yangu alikwenda kununua sufuria, akarudi mikono mitupu, anahema, akaniita yaya, kama tunavyowaita kaka zetu.

"Yaya, boti ya baba wa watoto iko kwake. Kadogo hivi, pa ukuta. Iko yenyewe kabisa."

"Ni mchezo ule, mayo."

"Hatuna hata picha yake moja. Nenda umuombe. Weye ndo munajuana."

Nilikwenda mchana huohuo. Nyumba ilikuwa tupu, harufu ya gundi bado ipo, na mezani kulibaki kitu kimoja. Nilikitambua kabla sijavuka mlango. Ilikuwa ile boti, ndefu kama kiganja changu kutoka kifundo mpaka ncha ya vidole, haina lami, mbao zake nyeupe. Misumari yangu ilikuwepo. Ubao mmoja nilioupinda vibaya nyuma ulikuwa umepindwa vibaya vilevile. Na kwenye ubao wa tatu kutoka chini, upande wa kulia, kulikuwa na ufa ulioanzia kwenye fundo la mti ukaenda mpaka taruma la pili, yaani ubavu wa pili wa ndani ya boti, umechorwa kwa ncha ya sindano.

Ufa ule niliujua. Niliuona siku nilipoupigilia ubao ule, na mbao nyingine sikuwa nazo. Ndiyo maana nilianza na lami.

"Uliuona ufa," nikasema.

"Niliipima. Vidole inane na nusu." Hakuniangalia. Alikuwa akifunga nyembe zake kwenye kitambaa. "Nilikuona na weye unaiangalia. Nilizani utatoa ule ubao."

"Na pa baraza? Juu ya nini uliandika kiboko?"

"Ningeandika fundi, dada yako angekula kwa nani?"

Nilitaka kumpiga. Miaka mitatu nilikuwa nimepita mbele ya dirisha lile nikimcheka, naye ameketi chini ya kosa langu lililotundikwa ukutani, anachemsha vibofu. Angeweza kusema neno moja asubuhi moja. Kinywa alikuwa nacho, daftari alikuwa nalo, na sheria ilimruhusu kuzuia boti yoyote isishuke majini. Nilimwambia hivyo kwa sauti kubwa, nikamwita mwoga. Alikubali kwa kichwa.

"Ni kweli, fundi. Niliogopa. Unajuaka kucheka mutu."

Nikaigeuza ile boti mkononi. Kisha nikamwambia dada yangu anaitaka boti hii, na kwamba kabla sijaipeleka azibe ule ufa. Kwake ilikuwa kazi ya dakika moja na tone la gundi.

"Hapana," akasema. "Sitaweza. Haitakuwa yenyewe." Akaisogeza upande wangu wa meza. "Ukitaka, ziba, weye ndo fundi."

Nilitoka nayo chini ya koti. Kiwanjani hakukuwa na mtu. Nilipasha lami kwenye kopo, nikachukua unyoya wa kuku, nikaipaka ile boti ndogo ubavu wote, mara mbili. Najiona mpaka leo nilivyokuwa nimeinama, nalamba mdomo, natazama kwa karibu nisiache tone kwenye ukingo. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia wakati ule, na bado nilimaliza kazi.

Dada yangu aliipokea kwa mikono miwili. Aliigeuza, akaishika kifuani, akaita watoto waje waione. Alisifu lami. Alisema hata lami yake ni ileile. Nilipotaka kuondoka akanizuia, akaingia ndani, akatoka na kitambaa kilichofungwa fundo, pesa zake za samaki.

"Yaya, nimechoka kununua samaki pa boti za batu bengine. Unijengee yangu. Kama hii, hivihivi. Usibadilishe kintu."

Nikasema ndiyo. Watoto wale walikuwa wakinitazama.

Kulipokucha nilipanga mbao zake juu ya magogo. Nilitazama ubao wa kwanza, nikautazama tena, nikaugeuza juani, na sikuweza kujua kama ni mzima au ni mimi ninayetaka uwe mzima. Niliuacha, nikaenda mbio mpaka kituo cha malori. Mama mmoja muuza vitumbua akaniambia lori limeondoka tangu alfajiri, na yule mtu wa vijiti alikuwa juu ya magunia amekumbatia sanduku. Akaniuliza ninamtakia nini. Nikamwambia nilitaka aje aniangalizie mbao kabla sijazipaka lami. Akacheka, kwa sababu kwa miaka minane alikuwa amenisikia nikimcheka mtu yule.